Chenza Moja Haliendi Ugenini

26 Oktoba 1987

Daftari hili ni la serikali na kalamu ni ya serikali. Mwandiko ndio wangu, na ukiwa mbaya lawama zimwendee mwalimu wangu wa darasa la tatu, ambaye alinizidi darasa moja tu. Daftari kaniletea Mtaalamu Liao wa kilimo, binti mwenye miwani mikubwa anayeendesha baiskeli kama anafukuzwa na mbwa.

"Mzee Teo," akasema, "kila asubuhi zunguka mashamba ya kijiji. Hesabu majoka ya njano, andika tarehe na idadi. Nitakuja kulichukua daftari siku ya Mungu wa Jiko, wiki moja kabla ya mwaka mpya wa mwezi mwandamo."

"Na nikiwa na mengine ya kusema?"

"Idadi tu, mzee."

Idadi tu! Mimi Teo Bak-lim, niliyepika melini miaka minne, niliyemnyoa ndevu nahodha wa Kideni bahari ikichafuka wala asitoke tone la damu, niliyelala Bangkok katika nyumba yenye ngazi za marumaru! (Kazi yangu ilikuwa kuzifagia, lakini nililala humo.) Kijiji kizima cha Suaboe huniita Bangkok, na mtu wa jina hilo hawezi kuandika idadi tu. Nitaandika yote, na yasiyomhusu nitayachana kabla hajaja.

Huku kwetu chipukizi changa la mti tunaliita joka, kwa sababu hulala miezi kisha siku moja huinua kichwa. Liao si wa huku, na mara ya kwanza alidhani tunamweleza habari za hekaluni. Joka la kijani ni heri. La njano likisimama peke yake kwenye mchenza wa kijani, mti huo umekwisha, na baada yake jirani zake. Vijiji vya chini ya mto sasa vinapanda viazi.

Leo: 0.

27 Oktoba

Manyunyu. 0.

28 Oktoba

0. Nyayo zimelowa, mke wangu Huay-eng anasema naleta nusu ya shamba ndani ya nyumba.

2 Novemba

0. Machenza yameanza kugeuka rangi, na mimi nikiyatazama nawaona watu. Chenza sukari, dogo, tamu, ngozi nyembamba: huyo ni binti yangu Guat, ukimgusa kidogo analia. Chenza chachu, ambalo hakuna anayelila ila mizizi yake ndiyo tunayobebeshea vitawi vya michenza mingine yote: huyo ni Mama Ek-niu, mjane wa kule juu, miti thelathini na uso mkali, lakini akiondoka yeye kijiji kinayumba.

Chenza liitwalo ziogam ni mimi. Linachelewa kuiva, ganda limeshikana na nyama kama mtu na ndugu zake, na ukila la kwanza hutaki kuambiwa habari za tunda jingine. Ponggam ni Goh Siang-kee, rafiki yangu tangu tukiwa uchi mtoni. Kubwa, lina nundu kichwani, na ganda limemlegea kama koti la marehemu kaka yake. Ukilitazama unasema hili ni tunda! Ukilimenya unakuta nusu yake ni hewa.

Nilimwambia hivyo leo akinywa chai kwangu. Akasema, "Hewa ni afadhali, Bangkok. Wewe umejaa mate."

5 Novemba

0. Nimekaa chini ya Malkia kula kiporo cha uji na figili ya chumvi.

Malkia ni mziogam wangu wa kisimani, alipandwa na baba yangu. Kimbunga cha miaka mitatu iliyopita kilipong'oa miti ya watu, yeye alibaki amesimama. Nikakata vikonyo vyake, vile vitawi vya kubebeshea, nikapita nyumba kwa nyumba na kisu changu, nikawabebeshea watu michenza bila kuchukua hata yai. Nyumba thelathini na moja! Wakanibeba mabegani siku ile, nami si mwepesi. Aliyekataa ni mmoja tu. Siang-kee alisema hataki mti wenye mdomo kama mwenyewe, akaenda kununua miche mikubwa ya ponggam, karibu miti kamili, wilaya nyingine.

Ya serikali yanakoma hapa. Kuna jambo moja kuhusu Siang-kee na mimi ambalo hucheka nalo peke yangu, wala silitaji hapa.

9 Novemba

1.

Nimeliona. Mti wa Siang-kee ulio kando ya njia, tawi la upande wa mashariki, joka moja la njano limesimama kama kidole kinachokusuta. Nilipiga kelele hadi bata wakaingia mtoni.

10 Novemba

1. Kwenye chai nimewaeleza watu. Sikuongeza chumvi. Niliongeza kidogo. Nilisema miche ya wilaya nyingine haijulikani wazazi wake, na mtu akikataa kikonyo cha nyumbani akafuata cha ugenini, anaoa bila kuuliza ukoo. Watu walicheka. Kisha wakanyamaza, wakaanza kulitazama shamba la Siang-kee.

15 Novemba

3. Lile moja, na mawili kwa Mama Ek-niu.

"Upepo umeyaleta kutoka kwa Siang-kee," akasema mjane.

"Ndiyo, mama," nikasema.

20 Novemba

7.

21 Novemba

7. Upepo wa kaskazini.

27 Novemba

16, katika nyumba sita. Liao amekuja akatuonyesha alama nyingine. Tunda zima huanza kugeuka rangi chini. La mti mgonjwa huanzia juu, pale linaposhikana na tawi, huku chini limebaki kijani. Wenzetu wa chini ya mto huliita pua nyekundu.

"Kama wewe ukilewa," Siang-kee akaniambia.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa kijiji akageuza kiti chake, akampa mgongo. Siang-kee akamaliza kikombe chake, akasema asante kwa chai, akaenda zake.

3 Desemba

19. Ukurasa huu nitauchana.

Leo nimeupanda mti wa Siang-kee nilitazame joka la kwanza kwa karibu, nijue limeanzia wapi. Nikalifuata kwa kidole, kutoka kwenye jani hadi kitawi, kitawi hadi tawi, tawi hadi kwenye kovu. Kovu la kubebesha. Juu yake kipande cha nailoni ya bluu kimemezwa na gome, na fundo lake ni la mabaharia, lile la kupinda mara mbili. Katika Suaboe yote anayelijua fundo hilo ni mmoja.

Sasa nilitaje lile jambo. Mwaka ule wa kimbunga, Siang-kee alipokataa vikonyo vyangu mbele ya watu, nilikunywa pombe ya mchele, nikapanda mti huu mchana kweupe wakati yeye yuko sokoni, nikambebeshea tawi moja la Malkia katikati ya ponggam zake. Utani! Siku moja angekuta ziogam limeiva kwenye mti wake, tamu kuliko yote, na mimi ningekuwa nimekaa hapa nangoja sura yake. Mwaka uliofuata halikuzaa. Mwaka jana nilingoja, sikusikia kitu. Nikadhani tawi limekufa.

Halikufa. Ndilo lenye joka. Matawi mengine ya mti ule yote ni kijani.

4 Desemba

19. Upepo huchagua tawi lolote. Huenda umechagua hilo.

5 Desemba

20. Huenda.

8 Desemba

24. Nimerudi kwenye ule mti na msumeno mdogo kwenye kapu, chini ya majani ya nguruwe. Nilikuwa nimeshaufikia uma wa tawi.

"Unafanya nini juu ya mti wangu, Bangkok?"

"Nahesabu."

"Kwa msumeno?"

Nikatazama kapu. Majani yalikuwa yamesogea.

"Huu ni wa kwangu wa kupogolea. Natembea nao siku zote."

"Hata msalani?"

"Hata msalani."

Akasimama chini akinitazama, mikono nyuma, kama anayesubiri chenza lidondoke. Nikashuka.

10 Desemba

26. Liao amepiga mahesabu yake mezani kwangu. Ana ramani ya mashamba, kila mti mgonjwa amewekea nukta nyekundu.

"Mzee Teo, kuna vijidudu vinavyohamisha huu ugonjwa, lakini hivyo huenda mti kwa mti, polepole. Huku nukta zimeruka. Nyumba hii, halafu ile ya ng'ambo ya kijito, halafu kule juu kwa mama mjane. Ugonjwa unaoruka hivi husafiri ndani ya kikonyo. Vikonyo vya miti hii vilitoka wapi?"

Huay-eng alikuwa anamimina chai, vikombe vitatu. Alijaza cha tatu hadi kikamwagika.

"Sikumbuki," nikasema. "Mambo ya zamani."

"Miaka mitatu, mzee?"

"Mtu aliyeishi Bangkok, mwanangu, ana mengi ya kukumbuka."

Akaandika kitu. Tangu hapo mke wangu anatua bakuli la uji mezani kwa kishindo.

11 Desemba

26.

12 Desemba

28.

22 Desemba

Sikukuu ya kipupwe. Tumekula vidonge vya mchele vya sukari, na kama desturi nimebandika kidonge kwenye mlango, kwenye pembe ya nyati wa mwenyekiti, na kwenye shina la kila mti, ili mti nao ujue umeongeza mwaka. Malkia nimemwachia wa mwisho. Nilibandika vitatu. Nikainua uso kumwombea.

Pua nyekundu. Moja, upande wa kisima, juu jekundu na chini kijani. Kisha la pili. Kisha, nikizunguka, majoka matano ya njano kwenye kilele, ambako mtu asiyepanda haoni.

Nimeyachuma yale mawili nikayala papo hapo, ganda na mbegu na vyote. Machungu kama dawa ya homa. Kisha nikapanda, nikayanyonyoa yale majoka kwa kucha.

Kwenye hesabu ya leo nimeandika 31. Malkia: 0.

23 Desemba

33. Malkia: 0. (Moja. Nimelinyonyoa.)

24 Desemba

33. Malkia: 0. (Mawili.)

26 Desemba

36. Malkia: 0.

Mkono huu uliomnyoa nahodha leo umeshindwa na sifuri. Sifuri ni tarakimu rahisi kuliko zote, lakini mstari wa duara haukukutana.

9 Januari 1988

41. Mkutano wa kijiji uwanjani. Mwenyekiti alisema mwaka mpya unaokuja ni Mwaka wa Joka, na hatuwezi kuupokea mwaka wa joka na joka la njano kijijini. Chanzo kikatwe. Shamba lote la Siang-kee, miti sitini, mizima na migonjwa, likatwe na kuchomwa siku ya Mungu wa Jiko, kabla ya sherehe.

"Lakini mimi nina mti mmoja mgonjwa!" akasema Siang-kee. "Mmoja! Mama Ek-niu ana minane!"

"Aliyeleta mgeni ndiye wa kumwondoa," mwenyekiti akamjibu.

"Na Liao amesemaje?"

"Liao hana mti hapa."

Mama Ek-niu aliinuka. Sauti yake haipandi kamwe. "Siang-kee, miti yangu thelathini ndiyo mazishi yangu na arusi ya mjukuu wangu. Mimi ni mjane, sina mwingine. Ungepanda kikonyo cha Bangkok kama sisi wote, tungekuwa tunavuna."

Watu wakapiga makofi. Wakanigeukia, wakanitabasamia. Siang-kee naye akanigeukia.

Aliningoja. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Macho yake yalikaa usoni pangu kama mtu aliyeshika mlango wazi ili mwenzie apite. Mimi, ambaye sijawahi kukutana na ukimya bila kuujaza, nilitazama viatu vyangu.

10 Januari

42.

13 Januari

42. Mtu amempakia Siang-kee samadi kwenye mlango.

14 Januari

Sikuhesabu.

20 Januari

47. Baridi kali. Nimekwenda kwa Siang-kee nikiwa na maneno. Alikuwa anamwagilia miche yake michanga ya ponggam, miti ambayo itakatwa baada ya siku ishirini na mbili.

"Unamwagilia ya nini?" nikamuuliza.

"Ina kiu."

"Siang-kee..."

"Sema."

Nikasema, "Baridi imezidi mwaka huu."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Umekuja kutoka kwako hadi kwangu, mguu wako wenye gauti, kuniambia baridi imezidi. Haya. Asante. Nimesikia."

2 Februari

55. Huay-eng ameacha kunitengea figili. Ananiwekea uji mtupu.

10 Februari

Kesho ni siku ya Mungu wa Jiko. Mchana mke wangu aliipaka sukari picha yake juu ya jiko, midomo yote, ili akipanda mbinguni kutoa ripoti ya nyumba yetu aseme matamu tu. Akapaka mara ya pili. Akapaka ya tatu.

"Sukari inatosha," nikamwambia.

"Kwa nyumba hii, Baba Guat? Haitoshi hata gunia."

"Unamaanisha nini?"

Akaweka kijiko chini. "Miaka thelathini na minne nafua nguo zako. Kila jioni tangu sikukuu ya kipupwe mifuko yako imejaa majani ya njano ya Malkia. Unadhani mimi nafua nikiwa nimefumba macho?"

Nikatia mkono mfukoni.

"Umezunguka bahari," akasema, "umejua lugha nne, unajua kumtukana mtu kwa Kisiamu na Kimalai. Neno moja tu la kwetu limekushinda. Mdomo ulioponza kichwa chake ni wa wengine. Wako unaponza kichwa cha Siang-kee."

Kisha akalamba kile kijiko, akaendelea kufagia.

11 Februari

Kulikuwa na watu arobaini na mashoka. Liao alikuwa amekuja kuchukua daftari, akawa anagombana na mwenyekiti kuwa hakuna aliyeagiza kukata miti mizima. Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa ni binti na ni mgeni. Siang-kee alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya njia ya shamba lake, mgongo umenyooka.

Nilimpa Liao daftari. Nilikuwa sijachana hata ukurasa mmoja. Kisha nikapanda mti wa kando ya njia, mwenye gauti na miaka hamsini na minane, watu wakisema Bangkok amekuwaje. Kwenye lile tawi yalibaki machenza mawili, madogo, pua nyekundu, hakuna aliyetaka kuyagusa. Nikachuma moja nikashuka.

"Mwenyekiti," nikasema, "nipe ponggam lolote la hapa."

Akadhani nataka kuonyesha ugonjwa, akachuma moja mti wa jirani. Nikalimenya mbele yao. Koti la marehemu kaka: vuta mara moja, limetoka lote. Kila mtu hapa anajua hilo tangu akinyonya.

Nikaanza kulimenya lile la kwenye tawi. Ganda halikutoka. Lilikatika vipande vidogo vidogo, likishika nyama, maji yakinitiririka hadi kiwikoni. Nilimenya polepole. Nilikuwa sina haraka ya kufika mwisho wake.

Mama Ek-niu ndiye aliyesema. "Hilo ni ziogam."

"Ndiyo, mama."

"Kwenye mti wa ponggam?"

"Nililibebesha mimi. Kwa utani, mwaka wa kimbunga, mwenye mti hajui. Fundo langu lipo pale kwenye kovu, apande anayetaka. Ni kikonyo cha Malkia. Na Malkia ni mgonjwa. Nimekuwa nikimnyonyoa majani tangu sikukuu ya kipupwe. Vikonyo nilivyowapa nyote, nyumba thelathini na moja, vilitoka kwake. Siang-kee hakuleta chochote. Yeye ndiye pekee aliyekataa, na ndiyo maana shamba lake limepona. Mti wake mmoja mgonjwa ni huu niliouambukiza mimi."

Nilikuwa nimeandaa mengi zaidi, na mzaha mmoja wa kumalizia. Nikautazama uso wa Mama Ek-niu, na mzaha nikaumeza.

Hakuna aliyenipiga. Ningependa wangenipiga. Waliweka mashoka mabegani, mmoja mmoja, wakaondoka bila kunigusa hata bega, wakinizunguka kama shimo njiani. Mama Ek-niu alisimama mbele yangu.

"Ulinibebeshea miti ile nikiwa na matanga ya mume wangu," akasema. "Nilikupikia bata."

"Nakumbuka, mama."

"Alikuwa bata wangu wa mwisho."

Akaenda zake. Siang-kee alinyanyuka kwenye ndoo, akaichukua, akaingia ndani akafunga mlango.

14 Februari

Liao amenirudishia daftari, na ya tarehe 11 hapo juu nimeyaandika leo. Ameshanakili hesabu, na zile sifuri za Malkia amezisahihisha kwa wino mwekundu, moja moja.

"Nilisema idadi tu, mzee," akasema. Miwani yake ilikuwa na ukungu. "Nimesoma yote."

15 Februari

Nimemkata Malkia. Peke yangu, kwa shoka la baba. Liao alisema mti mgonjwa ukatwe hadi mzizi, na miti mingine ya nyumba thelathini na moja itafuata baada ya sherehe, na ambayo bado mizima itapuliziwa dawa ya vijidudu. Huay-eng alishika kamba. Ndani, mti wake ulikuwa mweupe na mzuri, huwezi kujua.

16 Februari

Mkesha wa mwaka. Guat amekuja na mumewe kutoka mjini, akauliza pale kisimani pamekuwaje peupe hivi.

17 Februari 1988. Siku ya kwanza ya Mwaka wa Joka

Leo mtu huenda kwa jirani na machenza mawili mkononi, mwenyeji huyapokea na kukurudishia mawili yake. Chenza moja haliendi ugenini. Moja ni la kaburini. Mtu asiyepewa mawili amefukuzwa bila kutukanwa, na kila mtu kijijini hulijua hilo kabla ya adhuhuri.

Mimi kila mwaka nilikuwa naketi, kwa kuwa Suaboe yote huanzia kwa Bangkok. Birika langu hukauka mara tisa. Leo nimeketi tangu alfajiri hadi jua kusimama juu ya paa. Vikombe vitatu, maji ya moto, na sahani ya machenza yaliyonunuliwa sokoni, aibu ya mwenye miti. Hakuja mtu. Nje fataki zilikuwa zinapasuka kwa wenzangu.

"Wasipokuja," Huay-eng akasema, "una miguu."

Nikatoka na mawili ya kwanza. Nyumba ya kwanza walinipokea, wakanirudishia mawili bila kunitazama. Ya pili hivyo hivyo. Kwa mwenyekiti, mlango haukufunguliwa, na nilimsikia akikohoa ndani. Nikapanda hadi juu kwa Mama Ek-niu na mawili yangu. Alifungua mwenyewe. Akayachukua, akaingia, akakaa kitambo. Alipotoka aliweka chenza moja kiganjani mwangu.

Nikangoja.

"La pili," akasema, "utalipata mwaka nitakaovuna tena." Akafunga mlango, wala hakuubamiza.

Nikateremka na chenza langu moja. Ningeweza kulitia mfukoni. Nililishika wazi, wote wakalitazama. Watoto waliacha fataki zao. Hivyo ndivyo nilivyopita mbele ya lango la Siang-kee, ambako sikuwa nimekusudia kusimama, maana kwake hata nisingejua ninyooshe mkono wa namna gani.

"We Bangkok!"

Alikuwa kwenye ndoo yake ile ile, amevaa koti jipya, kubwa kupita kiasi.

"Unatembea na moja? Unamzika nani?"

"Nimepewa na Mama Ek-niu."

"Na hukumwambia kuwa Bangkok wanatoa matatu?"

Akanitazama, akashusha pumzi kama mtu anayetua mzigo.

"Mwaka wa kwanza tawi lile halikuzaa," akasema. "Mwaka wa pili lilizaa kumi na moja. Niliyaona kabla hayajaiva. Ponggam haizai tunda la uso ule. Nikajua ni mjinga gani. Nikayachuma yote mapema usije ukaniona, nikayala peke yangu ndani, mlango nimefunga."

"Yalikuwaje?"

"Kama ningekwambia, ungekufa kwa majivuno, na mimi ningebaki bila mtu wa kunywa naye chai."

"Basi siku ya mkutano ulijua. Siang-kee, miti yako sitini! Ungesema."

"Ningesema nini? Kwamba rafiki yangu ameniua kwa utani?" Akatema pembeni. "Lilikuwa neno lako. Nilingoja ulitoe mwenyewe. Ulichelewa, mbwa wewe. Ziogam huchelewa kuiva."

Akatia mkono ndani ya lile koti, akatoa chenza. Dogo, juu jekundu, chini kijani. Lile la pili, lililobaki juu ya tawi. Akaliweka kiganjani mwangu kando ya lile la mjane.

"Pua nyekundu," akasema. "Linafanana nawe. Haya, sasa ni mawili. Ingia, chai inapoa."